Naam, Mheshimiwa Waziri: Kicheko, Urasimu na Dhamiri katika Tamthilia ya Yes Minister

Mtu aitwaye akaitika "naam" huenda hajakubali lolote. Amejulisha tu kwamba yupo na kwamba sauti imemfikia. "Ndiyo" ni kukubali, "labeka" ni kuitika kwa adabu ya mdogo mbele ya mkubwa wake, na "naam" husimama katikati, ikiweza kuegemea upande wowote kwa kutegemea sauti ya mwenye kuitika. Tofauti hii, ambayo msemaji wa Kiswahili huizingatia bila kutafakari, ndiyo itakayomtaabisha mfasiri atakayejaribu kulileta katika lugha hii jina la tamthilia ya televisheni ya Waingereza iitwayo Yes Minister. Akiandika "Ndiyo, Mheshimiwa Waziri", atakuwa ameuua mzaha kabla haujaanza, kwa kuwa kiitikio hicho hutolewa mwishoni mwa takriban kila kipindi na mtu ambaye hajakubali kitu, au ambaye anakubali kwa sababu jambo limekwisha kugeuzwa likawa lile alilolitaka yeye tangu mwanzo. "Naam" ndilo neno linalofaa.

Tamthilia hiyo iliandikwa na Antony Jay na Jonathan Lynn, ikaanza kuonyeshwa na BBC mnamo Februari 1980. Kipindi cha majaribio kilikuwa tayari mapema zaidi, lakini wakuu wa shirika walichelea kukitoa karibu na uchaguzi mkuu wa Mei 1979, wakaona heri uchaguzi upite kwanza. Mifululizo mitatu ya vipindi saba saba ilifuatana hadi 1982. Kipindi kimoja cha Krismasi ya 1984 kikampandisha mhusika mkuu kuwa Waziri Mkuu. Na vipindi vingine 16, kwa jina la Yes, Prime Minister, vikaonyeshwa kati ya 1986 na 1988. Jumla ni vipindi 38. Wahusika wanaobeba mzigo wote ni watatu tu: Jim Hacker, Waziri wa Masuala ya Utawala, aliyechezwa na Paul Eddington, Sir Humphrey Appleby, katibu wake wa kudumu, aliyechezwa na Nigel Hawthorne, na Bernard Woolley, katibu binafsi wa Waziri, aliyechezwa na Derek Fowlds. Hamna mapigano, hamna mapenzi ya kutajika, na sehemu kubwa ya kila kipindi ni watu waliovaa suti wakizungumza chumbani. Hata chama cha Hacker hakitajwi kamwe. Kwa kipimo cha kawaida cha televisheni, hiki kingepaswa kuwa kichocheo cha usingizi. Walakini umma uliipenda tamthilia hii, na waliyoipenda zaidi ya wote ni wale wale waliochekwa ndani yake: mawaziri, makatibu na makarani wakuu wa London.

Jambo hili la mwisho ndilo linalozua swali la kimaadili. Tangu zamani tashtiti imejitetea kwa kudai kwamba inauma, na kwamba uchungu wake ni dawa. Sasa aliyechekwa akicheka pia, tena kwa sauti kuliko wengine, je, dawa imemwingia au imemwagika? Na mtazamaji anayeburudishwa kwa nusu saa na upotovu wa serikali yake mwenyewe, kisha akazima televisheni akalala, ameamshwa au amebembelezwa?

Nadharia za kale za kicheko zinasaidia kwa kiasi. Thomas Hobbes alikiona kicheko kuwa furaha ya ghafla ya mtu anayejitambua kuwa bora kuliko mwingine. Maelezo haya yanamtosha Hacker. Yeye ni mwanasiasa apendaye kupigwa picha, aogopaye magazeti kuliko dhambi, na ambaye kila apandwapo na jazba ya uzalendo huanza kuiga sauti ya Churchill. Mtazamaji humcheka kutoka juu. Lakini hakuna amchekaye Sir Humphrey kutoka juu. Ana elimu kuliko mtazamaji, ana akili ya haraka kuliko mtazamaji, na aghalabu ndiye mshindi. Kicheko anachokizua kinafanana zaidi na kile kinachowapata watu wanaomtazama mchezaji karata stadi akiwaibia wengine mezani, hali wakijua kwamba mfukoni mwao pia hamko salama.

Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, anafika karibu zaidi. Kwake yeye, kichekesho huzaliwa pale ambapo kitu cha mtambo kinavikwa juu ya kitu chenye uhai. Miongoni mwa mifano yake upo ule wa meli iliyovunjika karibu na pwani ya Dieppe. Maafisa wa forodha walijitosa kishujaa wakawaokoa abiria, na neno la kwanza walilowaambia hao waliotoka katika kinywa cha mauti ni kuwauliza kama wana bidhaa yoyote ya kutangaza ili walipie ushuru. Hapo urasimu wote umekwisha kuelezwa. Watu wale si wabaya. Wamehatarisha nafsi zao kwa ajili ya wageni. Ila kanuni imekaa ndani yao mahali ambapo fikra ilipaswa kukaa.

Mfano bora wa namna hiyo katika Yes Minister ni kipindi cha mwaka 1981 kinachohusu hospitali. Hacker anagundua kwamba ipo hospitali mpya mjini London ambayo haina daktari, haina muuguzi, wala haina mgonjwa hata mmoja, lakini ina watumishi wa utawala na wasaidizi wao zaidi ya 500, na wote wana kazi nyingi. Wapo wa mipango, wapo wa hesabu, wapo wa usafi na wa ulinzi. Sir Humphrey haoni ajabu. Anaeleza kwa utulivu kwamba kazi za hospitali ni nyingi na kwamba wagonjwa ni sehemu moja tu ya kazi hizo. Waziri anapofika kukagua anaambiwa kwa fahari kwamba hospitali hii inatarajiwa kutunukiwa kwa usafi wake. Bila shaka ni safi. Hapana aliyewahi kuichafua kwa kuugua ndani yake.

Kinachofanya kipindi hiki kizidi mzaha wa kawaida ni kwamba kila sentensi ndani yake, ikichukuliwa peke yake, ina mantiki. Hospitali haiwezi kufunguliwa bila mipango. Mipango huhitaji watu. Watu huhitaji mishahara, na mishahara huhitaji idara ya mishahara. Upuuzi haumo katika hatua yoyote moja. Umo katika jumla. Na hii ndiyo sababu mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote, iwe ya wizara, ya shule au hata ya mazishi, hucheka kwa mshtuko wa kutambua. Amewahi kuwa mmoja wa wale 500.

Hata hivyo, nguvu kubwa ya tamthilia hii haimo katika visa bali katika lugha, na hapa ndipo wanafunzi wa fasihi wana haki ya kudai kwamba jambo linawahusu wao kabla ya wanasiasa. Sir Humphrey ni fasaha kwa maana kamili ya neno hilo. Hana pupa. Sentensi zake hujengwa kishazi juu ya kishazi, sharti ndani ya sharti, hadi msikilizaji anasahau kiima kilikuwa nini. Na Hawthorne alizitamka kwa pumzi moja, bila kujikwaa, kwa ustadi uliomletea tuzo zaidi ya mara moja. Mtazamaji hushangilia mwishoni kama ashangiliavyo malenga aliyemaliza beti ndefu bila kukosa vina. Hapa pana kinaya kizito. Ufasaha, ambao wanabalagha wa kale wa Kiarabu na wa Kiyunani waliufafanua kuwa ni kufikisha maana kwa njia iliyo wazi na ya kupendeza, unatumika kuizuia maana isifike. Uzuri umebaki, uwazi umeondolewa. Na hadhira inaupigia makofi.

Sir Humphrey anajua pia matumizi ya neno fupi. Akitaka kumzuia Waziri asitekeleze jambo, hampingi. Humsifu tu kwamba uamuzi wake ni wa kijasiri, na Hacker hutokwa jasho, kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba katika lugha ya ofisi ujasiri ni jina lingine la kushindwa uchaguzi. Bernard naye ana mchezo wake wa kunyambua vitenzi kwa namna ambayo maana hubadilika kila nafsi ibadilikapo. Mchezo huo unahamishika kwa urahisi hadi ofisi yoyote ya Nairobi au Mombasa: mimi ninangoja wakati ufaao, wewe unachelewa, yeye anazembea.

Kwa kweli Kiswahili kina silaha ya urasimu ambayo Sir Humphrey angeionea wivu. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kumficha mtenda hutumia kauli ya kutendwa, lakini kauli hiyo huacha mlango wazi: msomaji anaweza kuuliza "na nani?". Kiswahili kina kauli hiyo, kisha kina nyingine, kauli ya kutendeka, isiyomruhusu mtenda kuingia kabisa. "Fedha zilitumiwa" inaweza kuendelea kwa "na mkurugenzi". "Fedha zilitumika" haikubali nyongeza hiyo. Sarufi yenyewe inaikataa. Makosa yametendeka, muda umepitika, mpango haukuwezekana. Mtu aliyewahi kusoma barua ya ofisi ya umma anaijua sauti hii. Si kwamba sarufi ni fisadi. Kauli ya kutendeka ina kazi zake halali, na kisahani kinaweza kuvunjika pasiwe na wa kulaumiwa. Lakini hapana budi mhakiki wa Kiswahili atambue kwamba lugha yake inao mlango wa nyuma, na kwamba mlango huo hutumiwa zaidi na wenye viti vya kuzunguka. (Inafaa kukumbuka, kwa kupitia tu, kwamba "rasmi", "rasimu" na "urasimu" ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Rasimu ni andiko lisilokamilika bado. Mwananchi aliyefuatilia hati ya shamba kwa miaka mingi hatashangazwa na undugu huo.)

Faili pia hupotea kwa kauli ya aina hiyo. Kipindi kimoja cha 1982 kinahusu kosa lililofanywa miaka 30 nyuma katika mkataba wa kukodisha ardhi huko Scotland, kosa litakaloigharimu serikali mamilioni ya pauni. Karani kijana aliyelifanya hajulikani, mpaka inapodhihirika kwamba ni Sir Humphrey mwenyewe. Sheria inataka nyaraka zifunguliwe baada ya miaka 30. Basi anatayarisha maelezo ya kwa nini nyingi hazionekani, mojawapo ya sababu ikiwa ni mafuriko ya mwaka 1967. Waziri anauliza kama kweli majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Jibu ni kwamba yalikuwa mazuri mno, maana faili nyingi za aibu zilipotelea humo. Hacker angeweza kumwangamiza katibu wake siku hiyo. Anachofanya ni kumfunika, kwa sababu mtu anayedaiwa siri ana manufaa kuliko mtu aliyefukuzwa. Uhusiano kati ya wawili hao haurudi tena kuwa ule wa mnyonge na mjanja. Kila mmoja ameishika kamba ya mwenziwe.

Pamoja na hayo yote, kipindi kinacholiweka swali la kimaadili uchi kabisa ni kile cha Desemba 1982 kilichoazima jina lake kutoka kwa padre mlevi wa riwaya ya Graham Greene ya mwaka 1940. Afisa wa jeshi anamfikia Hacker kwa siri na kumweleza kwamba silaha za kisasa zilizotengenezwa Uingereza zinawafikia magaidi nchini Italia. Hacker, ambaye si mtu mbaya, anafadhaika. Anataka uchunguzi. Sir Humphrey anamshauri asijue. Ushauri huo si wa kejeli. Anausema kwa upole wa mlezi. Kuuza silaha, anafafanua, ni sera. Kama silaha zafika pabaya, hilo si suala la utawala. Hacker anapong'ang'ania kwamba suala ni la mema na mabaya, katibu wake anamtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni mezani.

Baadaye Bernard, aliyesikia mazungumzo hayo, anamuuliza mkubwa wake kama mtumishi wa serikali hapaswi kuwa na imani yoyote. Hapo Sir Humphrey anatoa hoja iliyo nzito kuliko watazamaji wengi wanavyokumbuka. Ametumikia serikali 11 kwa miaka 30. Lau angeamini sera za kila moja, angalikuwa ameamini kwa dhati kujiunga na Soko la Pamoja la Ulaya na kutojiunga nalo, kutaifisha viwanda vya chuma na kuvibinafsisha na kuvitaifisha tena, kunyonga wauaji na kutonyonga. Angekuwa mwendawazimu. Bernard anauliza kwa hofu kama basi yeye pia ataishia kuwa mtu mtupu, asiye na maadili ndani. Mkubwa wake anamtumainisha kwamba akifanya bidii, huenda.

Hadhira hucheka hapo, na ni haki yake. Lakini hoja haifi kwa kuchekwa. Utumishi wa umma wa Uingereza ulijengwa juu ya ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, iliyopendekeza watumishi waajiriwe kwa mtihani na wapandishwe kwa ustahili badala ya upendeleo wa wakubwa. Kutokuwa na upande kulikuwa ni dawa ya ufisadi. Max Weber aliona vivyo hivyo: karani bora hutenda bila hasira wala upendeleo, na bila sifa hiyo chombo chote husambaratika. Nani angependa katibu ambaye hutekeleza sera za serikali iliyochaguliwa pale tu dhamiri yake inaporidhika? Wapiga kura wangekuwa wamechagua bure. Utupu wa Sir Humphrey, kwa hiyo, haukuanza kama uovu. Ulianza kama nidhamu, ukaendelea kukua mahali ambapo hapakuwa na wa kuupogoa.

Hannah Arendt aliyaita matokeo ya ukuaji huo utawala wa asiyekuwepo. Katika udhalimu wa mfalme yupo wa kulaumiwa. Katika urasimu uliokamilika hayupo. Kipindi cha silaha kinaonyesha jambo hili bila kulitaja. Afisa amemwambia Waziri, hivyo si juu yake tena. Katibu amemshauri Waziri, hivyo si juu yake. Mnadhimu wa chama amemkumbusha Waziri maslahi ya serikali, hivyo naye ametimiza wajibu. Waziri, aliyekuwa na kusudi la kumweleza Waziri Mkuu, anatambua kwamba Waziri Mkuu hataki kuelezwa. Silaha zinaendelea kusafiri. Kipindi kinafungwa nyumbani kwa Hacker, amelewa, mkewe akimfariji kwamba afadhali yeye anajua alipokosea. Yeye ni yule padre wa Greene atendaye kosa na kuona haya. Faraja hiyo inampendeza, naye anafungua sanduku jekundu la nyaraka za serikali, lililojaa chupa.

Hapo ndipo tamthilia inapofika kilele chake, na ndipo pia inapotilika shaka. Mtu anayejua kwamba ametenda vibaya, na ambaye ujuzi huo umekuwa kiburudisho, yu karibu mno na mtazamaji aliyeketi mbele ya televisheni. Wote wawili wanajua. Wote wawili wanafurahi kwamba wao si wajinga. Tamthilia inajua kwamba kuna hatari hii, na inaiweka waziwazi mezani pamoja na wiski. Ni vigumu kuitaja tamthilia nyingine ya vichekesho ya wakati wake iliyoithubutia hadhira yake kiasi hicho.

Wapo wanaoishuku kwa sababu nyingine. Inajulikana kwamba Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1979 hadi 1990, aliishabikia mno. Mnamo Januari 1984, katika hafla ya kuitunuku, aliigiza mbele ya kamera mchezo mfupi pamoja na Eddington na Hawthorne, yeye akiwa katika nafasi yake mwenyewe, akimtaka Sir Humphrey awafute kazi wanauchumi wote. Waigizaji hao wawili hawakuwa na raha. Eddington, aliyekuwa amekataa kubeba silaha katika Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu za dhamiri, hakuwa mfuasi wa siasa zake. Lakini Thatcher hakukosea kuona kitu chake ndani ya tamthilia. Antony Jay alieleza baadaye kwamba alivutiwa na nadharia ya wachumi kama James Buchanan, wanaoshikilia kwamba mtumishi wa umma husukumwa na maslahi yake kama mfanyabiashara yeyote, na kwamba maneno "masilahi ya taifa" ni vazi tu. Lynn hakuwa na siasa za mwenzake, na huenda mvutano huo ndio ulioiponya kazi yao isiwe hotuba. Hata hivyo mtu atakayeitazama vipindi vyote 38 na kutoka na imani kwamba hapajawahi kuwa na mtumishi mwadilifu, na kwamba heri hospitali zipunguzwe kwa kuwa zote ni kama ile, atakuwa amejifunza somo ambalo baadhi ya watu walifurahi alijifunze. Hii si hatia ya kicheko. Ni onyo kwamba kicheko hakichagui mtumiaji wake.

Umbali ambao tamthilia imesafiri unathibitisha kwamba chanzo chake si tabia za Waingereza pekee. Mwaka 2001 iliigizwa upya nchini India kwa Kihindi, kwa jina Ji Mantriji, na mfasiri alikuwa na bahati, maana "ji" ya Kihindi ni kiitikio na heshima kwa pamoja, ndugu wa "naam". India ilirithi makatibu, mafaili na tepe nyekundu kutoka kwa mtawala yule yule. Kenya pia ilirithi. Cheo cha katibu wa kudumu kilidumu nchini humo kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru wa 1963, hadi Katiba ya 2010 ilipoleta cheo kingine mahali pake. Lakini mrithi hakupokea kitu kilekile. Katibu wa kudumu wa Kenya aliteuliwa na Rais na aliweza kuondolewa na Rais, na katika enzi ya Daniel arap Moi maafisa wengi walipata habari za kufutwa kwao kupitia redio, katika taarifa ya habari ya saa saba mchana. Neno "kudumu" katika cheo chao lilikuwa mzaha ambao hakuna mtunzi aliyehitaji kuubuni.

Kwa sababu hiyo Mkenya humcheka Sir Humphrey kwa namna yake. Mwingereza hucheka kwa kuwa mtu aliyechaguliwa anazuiwa na mtu asiyechaguliwa. Mtazamaji wa Nairobi anaweza kujikuta anaona wivu. Ipo basi nchi ambamo mkubwa akitaka jambo huambiwa kwamba kanuni hairuhusu, na kanuni ikashinda! Kilichokuwa kejeli London kinakaribia kuwa ndoto mahali ambapo amri ya mdomo kutoka juu iliwahi kuzidi faili lolote. Urasimu unaokera ni, mara nyingine, ukuta wa mwisho kati ya mwananchi na matakwa ya mtu mmoja. Tamthilia haikukusudia kusema hivi, lakini ikitazamwa kutoka Afrika Mashariki inalisema.

Na kuna kitu kimoja ambacho, ikitazamwa kutoka huko, hakionekani kabisa: foleni. Katika Yes Minister mwananchi ni takwimu, kura, au barua ya malalamiko. Ile hospitali ina kila mtu isipokuwa mgonjwa, na tamthilia yenyewe pia haimwonyeshi mgonjwa aliyekosa kitanda kwa sababu kitanda kilikuwa kisafi mno. Tashtiti ya Kiswahili kwa kawaida huanzia huko foleni. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa 2009, mji wa Cheneo una kiongozi mwenye fahari na madiwani wa kumsifu, lakini una pia wagonjwa wasio na dawa na wafanyakazi wanaogoma, nao huingia jukwaani kwa miguu yao wenyewe. Msomaji hawezi kuustarehea mzaha wa wakubwa kwa muda mrefu kabla mtu mwenye njaa hajaukatiza. Gogol, katika ile tamthilia yake ya 1836 juu ya mkaguzi wa serikali, aliwaingiza wafanyabiashara na wanawake waliodhulumiwa kwa dakika chache tu, na dakika hizo zinatosha kukibadilisha kicheko chote. Jay na Lynn hawakufanya hivyo. Kwa kiasi fulani ndiyo siri ya wepesi wa kazi yao. Na kwa kiasi hicho hicho ndiyo sababu mawaziri waliweza kuipenda.

Pengo hilo halitoshi kuiangusha kazi yao. Mwandishi anayeweka wazi namna sentensi inavyomwondoa mtenda mahali pa tukio amempa raia kitu ambacho hakipatikani kwenye hotuba za upinzani. Raia huyo, akiandikiwa kwamba ombi lake "linashughulikiwa", anaweza kuuliza linashughulikiwa na nani. Swali ni fupi na linachosha maafisa.

Waandishi waliichapisha pia tamthilia hiyo katika vitabu, kwa umbo la shajara za Hacker, na wahariri wa kubuniwa wanaandika wakiwa katika wakati ujao, katika chuo cha Oxford kilichopewa jina la Waziri huyo. Humo msomaji anaarifiwa kwamba Sir Humphrey alizeeka katika nyumba ya wazee waliorukwa na akili, ufasaha wake ukiwa haujapungua hata kidogo, ila tu haukuwa tena na uhusiano na fikra. Wahariri wanamshukuru kwa kumbukumbu zake mtu mwingine pia, aliyepanda ngazi hadi kuwa mkuu wa utumishi wote wa umma. Huyo ni Sir Bernard Woolley, yule kijana aliyeuliza kwa hofu kama angeishia kuwa mtupu. Anajibu maswali ya wahariri kwa adabu, kwa usahihi wa sarufi, na bila kumlaumu mtu yeyote.